Samaki wa Bibi na Pampu Mpya

Kila asubuhi Bibi hukaa kwenye kiti chake karibu na dirisha la sebuleni. Macho yake hayaoni tena, lakini vidole vyake vinaijua nyumba nzima. Kando ya kiti kuna tangi la kioo. Ndani yake anaishi samaki mmoja mwekundu, mwenye mapezi marefu kama gauni la bibi harusi. Anaitwa Maringo.

Mkwe wake humwekea chembe ya chakula kwenye ncha ya kidole. Bibi hugusa maji taratibu. Maringo huja, akaidonoa.

"Amenisalimia," Bibi husema, na uso wake wote hucheka.

Mwanawe ni fundi cherehani. Hushona humo humo sebuleni. Siku moja pampu ya zamani, ile inayochuja maji ya tangi, iliharibika. Fundi akanunua nyingine, kubwa zaidi. Alipoiwasha, Bibi aligeuza kichwa kusikiliza.

"Mama anapenda sauti ya maji," Fundi akamnong'oneza mkewe. Akazungusha kitufe mpaka mwisho. "Mama, sasa una mto wako sebuleni!"

"Asante, mwanangu," Bibi akajibu.

Baada ya siku chache, Maringo hakuja tena kwenye kidole. Bibi alingoja mpaka chakula kikalowa na kuchukuliwa na maji.

"Mkwe wangu, Maringo amenuna?"

Mkwe aliinama kutazama. Maringo alikuwa amejibanza nyuma ya jiwe. Mapezi yake yalikuwa yamechanika. Alipojaribu kutoka, maji yalimsukuma, akagonga kioo.

"Yuko huku nyuma, Mama. Anacheza," akasema kwa sauti ndogo.

"Anacheza na njaa?"

Mkwe akainuka. Akamfuata mumewe kwenye cherehani.

"Baba watoto, yule samaki atakufa. Maji yanamshinda."

"Samaki ashindwe na maji? Umewahi kuona ndege aliyechoka kuruka?"

"Nimemwona. Siku ya upepo mkali."

Fundi akaacha kushona. "Basi tuzime pampu kabisa."

"Tusikisie. Ngoja nimwite Mama Mapezi."

Mama Mapezi ni jirani yao. Anauza samaki wa kufuga, na ndiyo maana mtaa mzima unamwita hivyo. Alifika, akamsalimia Bibi kwa kumshika mikono yote miwili. Kisha akasimama mbele ya tangi, akatazama tu. Akadondosha chakula kidogo juu ya maji. Chakula kikazunguka tangi mbio, kikafyonzwa na pampu.

"Mmeona?" akasema. "Hapa mnampakulia mgeni chakula katikati ya kimbunga."

Mkwe akacheka. Fundi akajikuna kichwa.

"Wako samaki wanaopenda mkondo mkali," Mama Mapezi akaendelea. "Huyu siye. Mapezi yake ni marefu, na maji yanayavuta kama upepo unavyovuta shuka kwenye kamba. Anaogelea kutwa bila kupumzika, halafu hali."

"Nilitaka kuizima," Fundi akasema.

"Usiizime, fundi. Pampu ndiyo inayosafisha maji. Tutaipunguza. Lakini chomoa umeme kwanza. Mkono usiingie majini pampu ikiwa kwenye umeme. Hata Bibi anapomlisha, chomoeni, akimaliza mchomeke tena."

Fundi akachomoa. Mama Mapezi akarudisha kitufe mpaka mahali pa chini. Akageuza mdomo wa pampu ili maji yagonge kwanza ukuta wa kioo, yasimwendee samaki moja kwa moja. Akafunika mdomo ule kwa kipande cha sponji safi kisicho na sabuni. Mwisho, akasogeza jiwe kubwa ili nyuma yake pawe na maji yaliyotulia.

"Sasa washa."

Maji yakatoka polepole. Juu yake palikuwa na viwimbi vidogo tu.

"Hivyo viwimbi mviache," akasema. "Maji yakichezacheza juu, hewa huingia. Yakitulia kabisa, samaki atakosa pumzi. Dondosha chakula tena, fundi."

Fundi akadondosha. Safari hii chakula kilielea taratibu.

Mngurumo wa pampu nao ulikuwa umepungua. Bibi akashusha pumzi ndefu.

"Mwanangu, hata mimi nilikuwa sipati usingizi wa mchana tangu pampu hii ije."

"Mama! Mbona hukusema?"

"Ulikuwa umefurahi mno. Ningeanzia wapi?"

"Ningepunguza hapo hapo!"

"Najua. Wewe hukuniuliza, mimi sikusema. Tukahurumiana sisi kwa sisi, samaki akaumia."

Fundi akapiga magoti mbele ya kiti cha mama yake. "Kuanzia leo nitauliza, Mama."

"Na mimi nitasema kweli. Tuanze na ile kofia uliyonishonea."

"Ina nini?"

"Inabana."

Wote wakacheka, na Mama Mapezi akacheka kuliko wote.

Maringo hakupona siku ile. Kesho yake alitoka nyuma ya jiwe, akarudi. Siku iliyofuata alikula chakula kilichoelea. Fundi alimtazama kila alipobadilisha uzi. Bibi naye hakuacha kunyoosha kidole, asubuhi baada ya asubuhi, bila kulalamika.

Hatimaye, asubuhi moja, Bibi alishtuka. Akabana midomo, machozi yakamlengalenga.

"Amekula?" Mkwe akauliza.

"Amekula. Lakini amedonoa kwa udhaifu. Hebu niambie alivyo, mkwe wangu. Nieleze kweli."

Mkwe akasogeza uso karibu na kioo.

"Amekonda, Mama. Pezi la mkia bado ni fupi upande mmoja. Lakini pale lilipochanika, pameanza kuota jipya. Ni jembamba sana, halina rangi bado. Mtu anaona hadi ng'ambo."

Bibi akautafuta mkono wa mkwe wake, akaushika.

"Basi tusimharakishe," akasema.