Paka Aliyebaki Hewani

Kilichoanza ni harufu. Manyoya mabichi, ya paka aliyenyeshewa, ndani ya sebule ambayo tangu asubuhi haikuwa na paka hata mmoja.

Khalijah alinusa tena, akakunja uso. Babu yake, mzee Jamaludin, alikuwa amelazwa mkekani, kando ya ukuta wa upande wa kibla, amefunikwa batiki mpaka utosini, na tumboni mwake shangazi Rokiah alikuwa ameweka chuma cha kukatia popoo, kumtuliza. Paka wa nyumba walifukuzwa kabla hata machozi hayajakauka. Kisiwa kizima cha Penang kinajua: paka akiruka juu ya maiti, maiti haitulii.

"Usimwache peke yake, Jah," shangazi alisema akitoka kumfuata bilali wa msikitini. "Na mlango usifungue mpaka umsikie bilali mwenyewe."

"Shangazi, mimi nina digrii ya historia."

"Ndiyo maana una nafasi ya kukaa na maiti Jumatatu mchana. Wenye kazi wako kazini. Funga komeo."

Alifunga. Mvua ikashuka, sebule ikawa giza, na nje paka wakaanza kulia mlangoni, wengi, kama wahitimu waliosikia kuna nafasi moja ya ukarani.

Ndani walikuwapo wengine, wa kwenye picha za ukutani. Miaka thelathini Babu Jamaludin alizunguka mitaa ya Penang na kamera shingoni. Wenzake walipiga picha za maharusi, wakapata mkate. Yeye alipiga paka: paka amelala kwenye kiti cha baiskeli ya abiria, paka chini ya meza ya Mchina wa kahawa, paka anamkodolea muuza samaki kama askari anayesubiri kitu kidogo. Kabla ya kufyatua alimwambia paka, "Tulia hapo hapo, usipepese." Akimaliza, lazima amwambie, "Basi, nenda zako." Bila hiyo "basi" paka hakuondoka, hata mvua imnyeshee.

Picha moja tu ndiyo iliyokaa imegeuziwa ukuta. Wiki iliyopita Khalijah aliigeuza. Alikuwa anazipanga picha zote azipeleke jumba la makumbusho, labda wangempa kazi, hata ya kufuta vumbi, aondoke kwenye nyumba hii. Pichani paka mweusi, mkia umekunjika nchani, yuko hewani kichochoroni, anarukia dirisha lililo wazi.

"Mgeuze!" Babu alifoka kitandani. "Hiyo ilikuwa nyumba ya msiba. Nilimpiga picha akiruka. Sikumwona akitua. Na basi yake sikumwambia, nilikimbia."

"Babu, hii ndiyo kali kuliko zote." Akaiacha hivyo hivyo, uso nje.

Sasa ilining'inia juu ya maiti. Paka wenye miguu walitolewa wote. Wa karatasi hakuna aliyemkumbuka.

Khalijah aliinua macho. Kichochoro kilikuwapo. Dirisha lilikuwapo. Katikati hapakuwa na kitu.

Mlango ukagongwa. "Jah, fungua." Sauti ya shangazi, tamu mno.

"Bilali yuko wapi?"

"Fungua, msomi wangu."

Hakufungua. Shangazi hajawahi kumwita hivyo bila kumcheka. Mkono ukabaki juu ya komeo, kwani akifungua ataingiza walioko nje na asipofungua yuko ndani na aliyemo, na nyuma yake kucha zilikuwa zinatembea sakafuni taratibu, zikisimama, zikitembea tena, zikizunguka mkeka wa Babu kama anayetafuta pa kurukia, na ile harufu ya manyoya ikampanda mpaka kooni, na alipogeuka hakuona paka, aliona batiki tu ikivimba kana kwamba kitu kimepita juu yake na kuvuta upepo, na chuma kikateleza tumboni, kikalia sakafuni.

Maiti ikaketi.

Chini ya batiki mikono miwili ilipanda mpaka usoni, kidole kimoja kimekunjwa, kama mtu aliyeshika kamera.

"Tulia hapo hapo," Babu alisema. "Usipepese."

Kli.

Bilali Yusof na shangazi, walipogonga bila kufunguliwa, waliingilia dirisha la jikoni. Bilali alisoma dua, akaokota chuma, akakirudisha tumboni mwa maiti, akasukuma, na mzee Jamaludin akalala tena kama anayetii.

"Aoshwe sasa hivi," bilali alinong'ona. "Akishazikwa, yamekwisha."

Pichani paka alikuwa ametua. Ameketi dirishani, analamba mguu wa mbele.

Khalijah alikuwa bado mlangoni, mkono kwenye komeo, macho wazi, machozi yakimtiririka bila kope kushuka. Walilifungua komeo chini ya vidole vyake. Wanawake watatu walimvuta. Hakusogea hata unyayo.

"Mwacheni, ni uchungu," jirani mmoja alisema.

Babu akaoshwa, akavishwa sanda, na jeneza likapita ubavuni mwa Khalijah, likavuka kizingiti, likaingia mvuani.

"Shangazi," Khalijah alinong'ona, midomo ikisogea kwa shida. "Warudisheni. Wasimzike."

"Mwanangu, Babu ameshakwenda."

"Hajaniambia basi."