Nilimuua Dada Yangu kwa Mistari Miwili

Nina miaka thelathini na sita. Asubuhi moja mwaka huu nilitoka kwetu Sagalla na begi moja, nikateremka mlima kwa miguu hadi Voi. Sikuwa na mpango. Nilikuwa nakimbia macho ya watu.

Ndugu wasomaji, nimlaumu nani? Shule niliacha darasa la saba, lakini hamu ya kujua mambo haikuniacha. Nimekata mkonge, nimekuwa utingo, nimepasua mawe... na kila nilipokwenda, simu ndiyo ilikuwa mwalimu wangu. Nikitaka kujua nyuki hulala vipi, naandika, najibiwa. Kijijini waliniita Profesa, nami nikavimba kichwa!

Mama alipougua alitaka kitu kimoja tu: kumwona dada yangu, Wakesho. Dada aliondoka miaka kumi na miwili iliyopita, mama alipomkataa mwanamume aliyempenda. Hatukusikia habari zake tena.

Mama aliomba akina mama wa kanisa watangaze jina lake baada ya ibada, lipite kanisa hadi kanisa, Bura mpaka Taveta. Ndivyo watu wetu hutafutana. Mimi nikakataa! Nikamwambia dada si mbuzi aliyepotea, atangazwe mbele ya watu. "Mama, nipe siku moja na simu hii."

Siku moja! Nilitafuta wiki tatu. Niliandika jina lake, nikaletewa mwalimu wa Nairobi na duka la nguo. Nikaongeza jina la baba, nikaletewa matokeo ya mtihani. Mtandao kule mlimani huja na kupotea. Nilishinda juu ya jiwe nyuma ya choo kama tumbili, simu juu, nikiilaani mpaka mate yakanikauka.

Kisha likatokea tangazo la kifo. Wakesho, jina la baba, mzaliwa wa Taita. Mistari miwili tu, ile inayoonekana kabla hujafungua ukurasa. Nikabonyeza... bando likaisha!

Kwa nini sikungoja? Nilikuwa nimechoka, nilitaka jibu, jibu lolote! Niliingia ndani nikamwambia mama kwamba Wakesho alishakufa.

Hakulia. Aligeukia ukutani. Tangu hapo akakataa uji, akakataa dawa. Siku ya tisa tukampoteza.

Baada ya mazishi, binamu yangu Mwakio aliomba kuliona tangazo lile. Alilifungua kwenye simu yake, akasoma hadi mwisho, akaniangalia.

"Profesa! Huyu ni nyanya wa watu, miaka themanini na kitu, ana vitukuu! Ulisoma na macho gani?"

Sisi huwapa watoto majina ya nyanya zao. Akina Wakesho wamejaa kila kilima, na wenye baba wa jina moja si ajabu. Hilo nalijua tangu utotoni! Simu ilinisahaulisha hata jinsi tunavyopeana majina.

Ndiyo sababu nikaondoka. Voi nilipata lori tupu linalokwenda Taveta kuchukua ndizi. Tulipita kilima cha Salaita, na saa tisa mchana nikashuka, nikaingia lodging ya kwanza niliyoiona.

Mwenye nyumba, mama mnene mcheshi, alinikabidhi ufunguo akaniuliza natafuta nini Taveta. Nikasema tu, namtafuta dada yangu Wakesho.

"Wakesho gani, kaka? Hapa hao ni kama ndizi. Mama nani?"

Nikasema sijui mtoto wake.

"Dada yako, na hujui mtoto wake! Basi anafanya kazi kwa mkono gani?"

"Wa kushoto."

Akacheka. "Huyo ni Mama Neema wa sokoni! Kila Krismasi anasema ataenda Sagalla kumwomba mamake msamaha." Kabla sijamzuia, alishampigia simu.

Nilikuwa bado nahangaika na kufuli ya chumba nilipomsikia dada akija mbio. Alinikumbatia, akacheka, akalia. Kisha akaniuliza, "Mama ndiye amekutuma?"

Wasomaji wenzangu, nawaomba, msipite njia yangu. Ukitafuta mtu mtandaoni, fungua ukurasa, soma hadi chini. Ukikosa, waulize watu, hata kanisani, hata kama ni aibu. Aibu huisha... Lile swali la dada nilipaswa kulijibu, na nilimwambia yote, tangazo na kaburi la mama, nikiwa nimesimama mlangoni, ufunguo mkononi.