Damiano Asife

Umeme ulikatika pale pale usipotakiwa kukatika. Kwenye televisheni ya duka la mapazia, katikati ya Kampala, bibi tajiri wa tamthilia ya saa kumi alikuwa ameshika kitasa cha mlango, nje anasubiri mwanamume ambaye wote walidhani amekufa maji. Wanawake waliojifanya wanachagua vitambaa walikuwa wamesahau hata kujifanya. Mara giza. Duka zima likalia, "Banange!"

Nakhisa, mwenye duka, binti wa Bungoma aliyevaa gauni la kitenge cha kijani lenye mikono iliyotuna, hakuivumilia huzuni ile. Akashika kitasa cha kabati lake na kuigiza sauti ya yule bibi.

"Nani anagonga? Kama ni mjomba, mwambieni nimelala!"

"Si mjomba," sauti nzito ikajibu kutoka mlangoni. "Ni mimi. Nimelowa, na njaa inaniuma."

Watu wakageuka. Alikuwa kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, viatu vinang'aa kuliko vioo vya duka.

"Wewe si ulikufa?" Nakhisa akamuuliza, bado bibi tajiri.

"Nilikufa kidogo tu. Fungua mlango, bibi."

Duka likaangua kicheko. Kicheko kilipoisha, kijana akakumbuka kilichomleta.

"Nyabo, nataka pazia ya mama yangu. Ile nyekundu."

"Ile ni ya machungwa."

"Na hii nyekundu hapa?"

"Hiyo ni zambarau, afande."

"Nani amekuambia mimi afande?"

"Viatu vyako."

Aliitwa Ojera. Alikaa Mbuya, kwenye nyumba za wanajeshi, pamoja na mama yake. Nakhisa akachukua namba yake ili amjulishe pazia likishashonwa, na tusimsingizie, siku hiyo alikuwa na nia hiyo tu. Lakini kabla hajafunga duka, ujumbe ukaingia: "Bibi, bado niko mlangoni. Mvua imezidi."

Akajibu. Naye akajibu. Ndivyo mchezo ulivyoanza.

Walifungua kundi la WhatsApp, wakaliita Jumba la Muyenga, kwa jina la mtaa wa matajiri: familia yenye hoteli, siri na magari mengi. Hakukuwa na kamera wala mwongozaji. Kila mchezaji alikuwa na mhusika wake, akaandika anachosema na anachofanya, mwenzake akaendeleza. Nakhisa akawa Bibi Serafina, mjane mwenye mali. Ojera akawa Damiano, dereva wake. Blaise, fundi Mkongo aliyeshona mapazia pale dukani, mtu mpole asiyeweza kuua hata mbu, akaomba awe Mjomba mwenye roho mbaya. Wengine wakaingia ili wasome tu.

Kanuni alizitunga Nakhisa mwenyewe, huku anacheka. Usimwekee mwenzako maneno mdomoni. Kilichoandikwa hakifutwi. Na mhusika atakayekaa kimya muda mrefu, Mjomba ana ruhusa ya kumuua.

Damiano alimpenda Serafina taratibu. Ojera alimpenda Nakhisa haraka. Jumapili alimsubiri nje ya kanisa na lile shati lake la pasi, wakala muhogo wa kuchoma, wakabishana kuhusu jumba lao kama watu wenye jumba kweli.

"Mbona Damiano hamwambii bibi kwamba anampenda?" Nakhisa alimchokoza.

"Anaogopa. Yule ni tajiri sana."

"Na wewe, unaogopa?"

"Mimi? Wewe una pazia tu, mpenzi."

Akapigwa kofi la begani, akalifurahia.

Kisha amri ikatoka. Ojera alipewa muda wa kufunga begi tu. Alikopelekwa hakukutajwa, na simu kubwa za intaneti zilikatazwa. Alimwachia yake dada yake Adoch, msusi, ambaye Nakhisa alikuwa hajawahi kumwona.

"Usimwambie mtu yeyote nimeenda kazini," alimwagiza. "Simu ikilia usipokee. Lakini ingia kwenye kundi, uandike. Damiano asife."

Angeongeza "mtu yeyote isipokuwa Nakhisa", angemwokoa mwanamke na machozi mengi. Lakini askari akiwa na haraka hutoa amri nusu, na Adoch alikuwa binti wa barakisi, aliyelelewa kambini. Amri aliitii hivyo hivyo ilivyo.

Nakhisa akapiga simu. Ikaita, haikupokewa. Akaandika, "Mpenzi, uko wapi?" Alama mbili zikageuka buluu, jibu hakuna. Jioni ile ile, kwenye kundi, Damiano akamfungulia Serafina mlango wa gari na kumwambia amependeza.

Mtu anaweza kuumia kwa namna nyingi, lakini hii ilikuwa mpya. Mwanamume yuko hewani, anaandika, anampenda mtu asiyekuwepo, na yeye aliyepo hampi hata salamu! Nakhisa akakimbilia huko huko kwa Serafina, maana ndiko pekee alikojibiwa. "Damiano," Serafina aliandika, "ukitoka getini kwangu huwa unakwenda wapi?" Damiano akajibu kwamba dereva hana pa kwenda. Nakhisa alilisoma jibu hilo akiwa amelala chini ya meza ya kukatia vitambaa, ili wateja wasimwone analia.

Mpaka siku Damiano alipoandika hivi: "Bibi, gauni lako la rangi ya bilinganya limekukaa, na hiyo lesi ya mikononi inakufanya binti."

Rangi ya bilinganya! Ojera, ambaye zambarau aliiita nyekundu? Lesi? Nakhisa akausoma ujumbe tena. Hayo yaliandikwa na mwanamke. Mwanamke anashika simu ya Ojera, anasoma machozi yangu, kisha ananichezea. Ni mke wake.

"Blaise," alisema. "Muue Damiano."

Blaise akaacha cherehani. "Ule hajanyamaza, dada. Juu ya nini tumuue?"

"Mchezo niliuanzisha mimi. Muue."

Mjomba akakata breki. Gari likatumbukia ziwani. Nakhisa akaongeza mstari mmoja: Serafina hakulia.

Kesho yake asubuhi msichana mwembamba aliingia dukani mbio, macho yamevimba, kichwa kimesukwa nusu.

"Serafina ni nani hapa?"

"Ni mimi. Na wewe ndiye mke wake?"

"Mke wa nani? Mimi Adoch! Ojera ni kaka yangu! Risiti ya pazia la mama ndiyo imenileta." Akashika meza. "Dada, mfufue. Nakuomba. Mimi humsomea mama kila jioni, jana nikasoma bila kuangalia mbele. Sisi watu wa barakisi, mtu akiwa huko kazini, neno hilo halitajwi. Hata kwa mchezo. Mama hajala tangu jana."

"Huko wapi?"

"Hata sisi hatujui. Hajapiga tangu aende."

Nakhisa akakaa juu ya marobota. Aliona aibu, na chini ya aibu akaona hofu ambayo hakuwa nayo alipodhani ameachwa. Kumbe kuachwa kulikuwa nafuu. Aliyeacha angalau yuko mzima.

"Blaise, kuna aliyeuona mwili?"

"Hapana, dada. Gari tu."

"Basi," akasema, akaanza kuandika. Gari lilitolewa ziwani likiwa tupu. Serafina akaagiza geti lisifungwe tena, mchana wala usiku.

Adoch alisema hataandika tena kwa niaba ya kaka yake. Damiano akanyamaza, na Mjomba hakuthubutu kumgusa. Nakhisa akawa anafunga duka mapema, anapanda Mbuya, anamsomea mama mwenyewe.

"Soma tena pale gari iko tupu," mama alikuwa akisema, kamshika mkono.

Alimtaka Ojera mpaka kumtaka kukawa kazi ya kutwa. Shati lake la pasi, utani wake, hata ujinga wake wa rangi. Kila shati jeupe lililopita mlangoni lilimsimamisha.

Siku moja, tamthilia ya saa kumi inaendelea, simu ikalia. Namba ngeni, upepo mwingi.

"Bibi."

"Ojera?"

"Simu ya watu hii, itakatika. Mama mzima?"

"Mzima. Anakula. Wewe je?"

"Mguu umeumia kidogo. Utapona. Damiano bado yuko?"

"Alikufa kidogo."

"Nani alimuua?"

"Mimi. Nilidhani una mke."

Upepo ukavuma. Kisha akamsikia anacheka, cheko la mtu aliyechoka sana.

"Nakhisa, sikia. Huyu si Damiano, ni mimi Ojera. Nikirudi nataka kwenda Bungoma kwa baba yako. Nataka kukuoa. Unakubali?"

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, Ojera!"

Lakini simu ilikuwa imeshakatika. Akapiga namba ile, haikupatikana. Akarudia, haikupatikana.

Wateja walikuwa wamemgeukia yeye, televisheni wameisahau. Nakhisa akafungua kundi, na kwa mara ya kwanza akaandika humo kwa jina lake: "Huyu si Serafina. Ni Nakhisa. Jibu ni ndiyo." Kilichoandikwa hakifutwi. Huko Mbuya simu ya Ojera ikalia mezani kwa Adoch, alama zikageuka buluu, na jibu likabaki humo kumsubiri mwenyewe.

Kisha Nakhisa akashusha robota la kitambaa kwa ajili ya dirisha la chumba cha Ojera kule Mbuya. Alichagua jekundu la kweli, ili siku atakayorudi na kusema ni nyekundu, kwa mara moja awe amepatia.