Mkono Ulioinuliwa kwa Woga

Kila Ijumaa baada ya vipindi, mwalimu wa darasa aliuliza nani angejitolea kusugua sakafu. Asipopatikana mtu, kiranja alisugua mwenyewe. Lakini mtu hakukosekana. Kila mara aliyeinua mkono ni Kimya, mvulana mpole aliyekaa dawati moja na msichana aliyeitwa Pilipili. Mwalimu alimsifu, darasa likampigia makofi, na Pilipili akasikia damu ikimchemka.

Alijua kilichokuwa kikiendelea. Kiranja wao, ambaye pia alikuwa nahodha wa timu ya mpira, alikuwa akipita nyuma ya dawati lao kabla mwalimu hajaingia na kunong'ona, "Usipoinua mkono, timu uisahau." Kimya alipenda mpira kufa. Tena alimsihi Pilipili asiseme.

Ijumaa moja Kimya alikuja na kiganja kilichofungwa bendeji, kimeungua kwa maji ya moto. Hata hivyo aliinua ule mkono mwingine.

"Mnaona moyo huo?" mwalimu alisema. "Hata mgonjwa anajitolea."

Pilipili akasimama, uvumilivu umemwishia. "Hajajitolea, Mwalimu. Ametishwa na kiranja."

"Mwongo huyo," kiranja alisema. "Muulize mwenyewe."

Mwalimu akamwuliza Kimya. "Nimependa mwenyewe," Kimya alijibu, na machozi yakamtoka.

Mwalimu akavua miwani. Alikasirika, na zaidi alijikasirikia mwenyewe. "Kumbe nimekuwa nikiusifu uonevu," alisema, kisha akaandika ubaoni: mshurutishaji. "Huyu ni mtu anayemtia mwenzake hofu ili afanye asilotaka. Hata mwenzake akisema ndiyo, ndiyo ya woga si hiari." Akamgeukia kiranja. "Beji yako ya ukiranja nitaichukua ukimaliza kusugua sakafu."

"Na vyoo pia," Pilipili alidakia. "Mwezi mzima. Akikataa, tumpige marufuku kwenye timu, naye aone uchungu wake."

"Soma neno lile ubaoni," mwalimu alimwambia.

Pilipili akalisoma, sauti ikimfifia.

"Sakafu ataisugua kwa sababu ni wajibu wake," mwalimu alisema. "Vyoo angevisugua kwa sababu umemtisha. Hasira yako ina haki, binti yangu, na leo imemwokoa mwenzako. Lakini ukiiachia ikutawale, neno hilo litakuwa jina lako."