Fomu ya Mjumbe wa Tisa

Koti la studio ya Akoth pale Kitengela lilikuwa moja tu, jeusi, na lilikuwa limevaliwa na nusu ya mji. Mwalimu aliyetafuta kazi alilivaa, mzee wa kanisa alilivaa, hata bwana harusi mmoja aliwahi kuliazima kwa dakika kumi. Jumanne hiyo, studio ikiwa imejaa wanafunzi waliotaka picha za vyeti, koti lilikuwa mwilini mwa mwanamume mrefu aliyevaa shuka jekundu na viatu vya akala miguuni. Mikono ya koti ilimkomea karibu na viwiko.

Nelima, aliyekuwa ameketi kwenye benchi akisubiri bango lake lichapishwe, alicheka kabla hajajizuia.

"Cheka tu," yule mwanamume alisema huku akijitazama kwenye kioo. "Hata mimi nikijiangalia naogopa."

"Koti haina shida. Ni mikono yako iko mirefu."

"Basi shida ni ya aliyeshona. Mikono nilipewa na Mungu."

"Na picha ni ya nini?"

"Ya bodi ya utalii. Wamesema lazima koti."

Nelima alikaa wima. Mapajani, juu ya rinda lake la kitenge cha rangi ya machungwa, alikuwa na bahasha ya bodi hiyo hiyo. Bodi ya Utalii ya Nyanda za Kusini ilikuwa imempa kazi ya kuandika kijitabu cha kuwatambulisha wajumbe wake tisa: walikotoka, walichowahi kuongoza, na kwa nini waaminiwe. Na Ondiek, karani wa bodi, alikuwa amemwambia kwamba wanaajiri dereva.

"Kumbe wewe ndio dereva mpya?"

Mwanamume alifikiri kidogo. "Mimi huendesha gari, ndiyo."

"Basi nisaidie. Huko utakutana na mjumbe mmoja anaitwa Hillary Metito. Mwambie fomu yake ni aibu."

"Imefanya nini?"

Nelima alifungua bahasha, akatoa fomu walizojaza wajumbe. Mdomo wake ulikuwa mwepesi tangu utotoni, na mama yake kule Bungoma alikuwa amekwisha kukata tamaa ya kuufunga. "Ona huyu wa kwanza, kurasa nne. Mwenyekiti wa chama cha hoteli, mwenyekiti wa shule, mwenyekiti wa kamati ya kumtafuta mwenyekiti. Huyu mama amekuwa meneja wa benki miaka kumi na nane. Sasa sikia Metito. Uzoefu wa uongozi: 'Nimechunga ng'ombe. Nimetembeza wageni.' Imeisha hapo. Na hali ya ndoa ameacha wazi. Mtu mzima hajui kama ameoa?"

"Labda hakuulizwa vizuri."

"Kidevu juu," Akoth aliamuru nyuma ya kamera, na taa ikamulika. Mwanamume alivua koti, akamkabidhi mwanafunzi aliyefuata, akamwinamia Nelima kwa adabu. "Nitamfikishia," alisema, akatoka.

Saa kumi jioni Nelima alipiga ile nambari iliyokuwa kwenye fomu. "Mheshimiwa Metito? Naitwa Nelima Wanyama. Mimi ndio naandika kijitabu cha bodi."

"Najua. Dereva ameshanifikishia."

Nelima alifumba macho. Aibu ilimpanda mpaka masikioni, na laiti simu ingekuwa na mlango angeufunga. "Pole sana, mheshimiwa."

"Usiniite mheshimiwa. Mheshimiwa gani anaazima koti?"

Akacheka, na Nelima naye akajikuta anacheka, na simu iliyokuwa ya dakika tatu ikala saa nzima.

Ikawa hivyo kila jioni. Alipomuuliza habari za uongozi, Metito alimweleza habari za twiga. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiwapokea wageni Namanga na kuwapeleka Amboseli, na waongozaji wenzake ndio waliompeleka kwenye bodi. Zaidi ya hapo hakusema. Siku za Alhamisi alipopita Kitengela walikutana kwenye hoteli ndogo ya chai kando ya barabara ya Namanga, yeye na shuka lake safi lenye harufu ya moshi wa kuni, Nelima na daftari ambalo halikuwa likiandikwa chochote.

"Metito, niambie hata kitu kimoja. Kitabu kinaenda kuchapishwa."

"Mwandishi wangu, kwetu mtu akijisifu, wazee husema anatafuta kura ama anatafuta mke."

"Na wewe unatafuta nini?"

"Kura sitaki."

Nelima aliinamia kikombe chake. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja, alikuwa amewahi kudanganywa na wanaume wawili waliojua kujieleza vizuri sana, na sasa alikuwa amempenda mtu asiyejieleza kabisa. Alimpenda kweli. Usiku alilala na simu kifuani.

Wiki ya tano Ondiek alimwita. Hakuwa mtu mbaya, ila aliogopa wakubwa. "Dada, hii ukurasa ya Metito itatuletea maneno. Wenzake wako na digrii, yeye ako na ng'ombe. Mwenyekiti ameuliza huyu kijana ametoka wapi. Kama hakuna kitu ya maana, tutatoa ukurasa yake."

Jumamosi hiyo, akitafuta cha kuandika, Nelima alikuwa Kajiado, nyumbani kwa mama yake Metito, akinywa chai ya maziwa na Seleyian, dada wa Metito. Metito alikuwa amepeleka wageni mbugani. Ukutani, juu ya mlango, palining'inia rungu jeusi lililong'arishwa kwa mafuta.

"Hiyo ni ya nani?"

"Ya Hillary. Kwani hajakuambia?" Seleyian alishusha sauti. "Yeye ni olaiguenani. Msemaji wa rika yao yote. Walimshika akiwa kijana, alilia, mama pia alilia, maana hiyo ni mzigo. Ukishapewa rungu, shida ya kila mtu ni yako mpaka ufe."

Nelima aliweka kikombe chini. Hapa sasa ndipo palipokuwa na uongozi, mkubwa kuliko wenyeviti wote wa ile fomu ya kwanza. Alilipiga rungu picha. Hakumuuliza Metito, kwa sababu alijua atakataa, na kwa sababu alitaka kumwona akishangiliwa. Aliandika ukurasa mzuri kuliko zote alizowahi kuandika: *Akiwa kiongozi wa kimila wa maelfu ya vijana, Hillary Metito analeta rungu la wazee wake katika bodi hii.* Mapenzi yalimfumba macho akayaona maneno hayo kuwa zawadi.

Kijitabu kilizinduliwa Ijumaa katika ukumbi mmoja wa Kajiado. Mshereheshaji alisoma ukurasa baada ya ukurasa na watu wakapiga makofi. Alipofika wa tisa makofi yakawa makubwa zaidi, ila viti vya nyuma, walikoketi watu wa rika la Metito waliokuja kumsindikiza, vilinyamaza. Wanaume kumi na wanne walisimama mmoja mmoja, wakajitupia shuka mabegani, wakatoka. Metito aliangalia ukurasa wake, akamwangalia Nelima mara moja, kisha akawafuata.

Simu hakushika Ijumaa, wala Jumamosi asubuhi. Mchana akapiga mwenyewe.

"Nelima." Hakusema mwandishi wangu. "Kwa nini hukuniuliza?"

"Ungekataa. Na walikuwa wanataka kukutoa kwa kitabu. Na si ni ukweli?"

"Ni ukweli. Lakini sio wangu kuusema. Ile rungu ni yao, mimi nimeshikishwa tu. Sasa wanasema nimeiuza ndio nipate kiti."

"Waambie ni mimi niliandika."

"Lala salama," Metito akasema, na ilikuwa bado saa nane mchana.

Nelima alilia juu ya kitanda na viatu vyake miguuni. Jioni Seleyian alimpigia. "Kesho baada ya kanisa rika inakaa nyumbani kwetu. Wanaweza kumnyang'anya rungu, na ikitoka hivyo ni aibu hatawahi kuiosha. Nimemwambia ajitetee, amekataa. Anasema akijitetea itakuwa ni kukutaja wewe, na hawezi kusimama mbele ya watu akutupie makosa."

"Mimi nitaenda nijitaje."

"Wewe ni mgeni, na ni mwanamke. Watakuambia ngoja." Seleyian alifikiri. "Lakini kwetu mtu akija na nyasi mkononi, anaomba amani. Hata adui anasikilizwa."

Nyasi zitoke wapi na kiangazi kile? Kutoka Kitengela hadi Kajiado ardhi ilikuwa vumbi tupu, mbuzi wanatafuna maboksi. Ndipo Nelima alipokumbuka bustani iliyo mbele ya ofisi ya bodi, inayomwagiliwa kila asubuhi ili wageni waione. Jumapili saa tano alikuwa pale, amepiga magoti.

"Madam, hapo hapakanyagwi," askari wa lango alimwambia.

"Sikanyagi, baba. Nang'oa."

Kule kwa kina Metito, watu wa rika walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki kando ya zizi, wengine bado na mashati ya kanisani. Metito alikuwa ameketi peke yake upande mmoja, na rungu lilikuwa chini, katikati yao. Nelima alikuja polepole na konzi ya nyasi mbichi mkono wa kulia.

"Supa," aliwasalimu kwa lugha yao.

"Epa," wakajibu wachache. Lemayian, aliyekuwa akiongoza kikao, mtu mnene mwenye kovu shavuni, alitazama zile nyasi muda mrefu. "Sema, mama."

"Naitwa Nelima. Ukurasa ni mimi niliandika. Yeye hakuniambia kitu, na hakuona mpaka siku ile mliona nyinyi. Aliyosema yeye ni haya." Akatoa ile fomu ya Metito kwenye mkoba, akaisoma. "'Nimechunga ng'ombe. Nimetembeza wageni.' Mwandiko ni wake, muangalie. Mimi niliona ni kidogo. Nilimpenda nikataka aonekane mkubwa, na nikamharibia. Naomba msamaha."

Fomu ilizunguka mkono kwa mkono. Mmoja alicheka puani. "Hata kuandika 'mjumbe' ameshindwa." Mwingine akasema, "Huyu ni Metito kabisa." Lemayian alizipokea nyasi, akazigawa kwa aliye kulia na aliye kushoto, kisha akaokota rungu na kulirudisha mapajani mwa Metito bila hotuba yoyote. Metito alilishika kwa mikono miwili, na macho yake yalikuwa na maji.

"Hiyo ukurasa ichapishwe upya," Lemayian alisema. "Na tutasema sisi. Uko na kalamu?"

Nelima aliketi chini akaandika. Walisema mmoja baada ya mwingine. Mwaka wa kiangazi kibaya Metito alisimama siku tatu kwenye lango la kambi ya watalii, bila kumtukana mtu, mpaka ng'ombe wakafunguliwa maji. Alimketisha mwenzake aliyetaka kuuza shamba la mwisho la baba yake pale Kitengela, na shamba lipo hadi leo. "Mimi alinitoa korokoroni Namanga," Lemayian alisema, "na njia nzima hakuniuliza nilifanya nini. Andika hiyo." Nelima aliandika, na mara mbili ilibidi apanguse karatasi.

"Sasa faini," Lemayian aliendelea. "Kuchukua neno ya rika bila kuuliza ni ndama jike mmoja."

"Mimi sina hata kuku," Nelima alisema.

"Nitalipa mimi," Metito akasema.

Lemayian alimgeukia taratibu, na wenzake wakaanza kutabasamu kabla hajafungua mdomo. "Kwani wewe ni nani wake? Faini ya mwanamke hulipwa na watu wake. Baba yake ndio wewe?"

"Hapana."

"Kaka yake?"

"Hapana."

"Basi tuambie. Ama hiyo pia tukusemee?"

Metito alisimama. Mtu ambaye hakuwahi kusema neno moja juu yake mwenyewe alishika rungu mkononi, akamtazama Nelima aliyekuwa bado ameketi vumbini na rinda lake la machungwa na karatasi mapajani.

"Hii nitasema mwenyewe," alisema. "Nelima, nakupenda. Nataka nikuoe. Kama utakubali, ile nafasi niliacha wazi kwa fomu, ijaze wewe."

"Kwetu Bungoma mahari ni ng'ombe kumi na tatu," Nelima alisema.

"Na ndama ya hapa, kumi na nne. Nimechunga ng'ombe, si niliandika?"

Kicheko kilipopungua Nelima aliifungua ile fomu juu ya goti, akatafuta mahali palipoandikwa hali ya ndoa, na akaandika kwa herufi kubwa: AMEULIZWA VIZURI.