Fundi Haombi Kipande

Kila alasiri akitoka shule, kazi ya kwanza ya Sindano katika duka la mama yake ilikuwa kuokota pini. Alikuwa akifunga sumaku kwenye kamba na kuiburuta sakafuni, chini ya meza ya kukatia, chini ya cherehani zote mbili, mpaka kizingitini wateja wanapovua viatu. Pini zilizodondoka tangu asubuhi zilijileta zenyewe, zimeshikana kama siafu. Jina lake hasa lilitumika shuleni tu. Mtaani aliitwa Sindano kwa wembamba wake, na kwa sababu, kama alivyosema mama yake, hakuna jambo ambalo pua yake haikulipenya.

Kazi ya pili ilikuwa simu. Mama yake, ambaye watu wote walimwita Fundi, alikuwa na ukurasa mtandaoni wa kuonyesha nguo zake. Lakini mikono ya Fundi ilikuwa na chaki na mafuta ya cherehani tangu asubuhi hadi jioni, kwa hiyo Sindano ndiye aliyepiga picha, akaziweka, na kuwajibu watu. Neno la siri alilijua yeye na mama yake, basi. Wateja wengi wa Fundi walianza kwa kuona gauni kwenye kioo cha simu kabla ya kuliona kwenye mwili wa mtu.

Duka lile lilikuwa na utaratibu wake, na Fundi hakuuvunja kwa yeyote. Kitambaa kikiingia, alikata ncha ndogo pembeni, kisha akaigawa mara mbili kwa mkasi, akiupeleka mkono ovyo ovyo ili mkato uwe wa kupinda namna yake. Nusu moja aliibana kwa pini kwenye kitambaa, nusu ya pili alimpa mwenye mali. Hiyo ndiyo iliyoitwa kipande. Siku ya kuchukua nguo, nusu mbili ziliwekwa mezani. Zikikutana, nguo ilitoka. Zisipokutana, ungeweza kulia, kuapa, au kutaja ukoo wako mpaka kwa babu wa babu, nguo ilibaki kwenye kulabu. Siku moja Fundi alimrudisha nyumbani dada yake wa toka nitoke kwa sababu kipande alikisahau kwenye mkoba mwingine. Dada alinuna wiki nzima, na Fundi alimwambia kununa hakushoni nguo.

Matatizo yalianza alipoingia mwanamke mmoja mnene, mwenye mtandio wa zambarau, akajitambulisha kuwa ni shangazi wa bibi harusi mtarajiwa. Alisema amekuja kuona gauni la harusi la binti huyo limefikia wapi. Fundi alimkaribisha kiti, akamwomba kipande.

"Kipande gani?" shangazi akauliza.

"Cha kitambaa chako, dada yangu. Nusu niliyokupa."

Shangazi alisema hajapewa nusu wala robo. Yeye aliandikiana na Fundi mtandaoni, akaambiwa kitambaa ampe kijana wa pikipiki atakayekuja kukichukua, naye akampa. Alitoa simu kuthibitisha. Sindano alisogea kutazama. Picha zilikuwa zilezile alizozipiga yeye, mpaka kivuli chake kwenye ukuta kilikuwemo. Jina la duka lilikuwa lilelile. Lakini ukurasa ule haukuwa wao. Kuna mtu alikuwa amevaa jina la mama yake kama nguo ya kuazima.

Fundi alieleza kwa upole kwamba kitambaa hakijafika kwake. Shangazi alimtazama kuanzia kichwani mpaka kwenye vidole vya miguu.

"Mwizi gani atakubali kuwa ni mwizi?" alisema. "Nakupa mpaka mwisho wa wiki. Kitambaa kisipoonekana, nitasimama hapo mlangoni nimwambie kila anayepita."

Hakungoja hata mwisho wa wiki. Maneno yalitangulia kufika, kwa kuwa maneno hayavai viatu. Wateja wakaanza kuja wakiwa na vipande vyao mkononi, si kuchukua nguo zilizokamilika, bali kuchukua vitambaa ambavyo havijakatwa. Kila mmoja alikuwa na udhuru wake wa adabu. Mmoja amepata safari, mwingine amebadili mawazo. Wengine walikagua vitambaa vyao ncha hadi ncha mbele ya Fundi, kana kwamba alivitafuna. Kulabu zikabaki wazi, na cherehani ya pili ikafunikwa shuka.

Jioni moja Fundi alisema dawa ni ile tiki ya buluu. Aliiona kwenye kurasa za watu wakubwa, ile alama ndogo pembeni ya jina inayoonyesha kuwa mwenye ukurasa amehakikiwa na ndiye mwenyewe. Hakujua inapatikanaje, lakini alisema ataulizia. Sindano aliamua moyoni kwamba tiki ile ataileta yeye.

Lakini kwanza alitaka kujua mwizi ni nani, na hapo jicho lake lilitua kwa Kimya.

Kimya alikuwa msichana aliyekuja kujifunza ushonaji. Aliitwa hivyo kwa sababu ulimuuliza jambo asubuhi akakujibu mchana. Sindano alianza kumchunguza, na kila alichokiona kilimtia shaka. Kimya akishika simu aligeukia ukutani. Kimya akisogelewa, aliifunika kwa kiganja. Siku moja Sindano alipita nyuma yake kwa ncha za vidole, na kabla simu haijafunikwa aliona kilichokuwa kwenye kioo. Ulikuwa ule ukurasa wa uongo. Kikulacho ki nguoni mwako, Sindano akajisemea, na hapa nguo ni nyingi.

Alimnong'oneza mama yake. Fundi, huku akipitisha uzi, alimuuliza kama ana ushahidi au ana macho tu. Sindano alianza kuficha simu ya duka chini ya mto wa kiti, akiikalia kama kuku wa mayai.

Siku iliyofuata, wakati Fundi amekwenda kununua zipu, ujumbe uliingia kwenye ukurasa wao. Juu palikuwa na picha ya ngao ya buluu, na chini maandishi yaliyonyooka kama mstari wa rula. Aliyeandika alijiita Idara ya Uthibitisho. Alisema wamepata habari kwamba kuna mtu anatumia jina la duka, wanasikitika sana, na ukurasa umechaguliwa kupewa tiki. Zitaingia tarakimu sita kwenye simu, naye awaandikie tarakimu hizo ili wakamilishe kazi. Mwisho wakaongeza: usimwambie mtu, kwa maana huenda mwizi yuko karibu nawe.

Sindano aliinua macho. Kimya alikuwa palepale, amegeukia ukuta. Hawa watu wanajua kila kitu, Sindano aliwaza.

Tarakimu zikaingia, na pamoja nazo maneno mafupi yaliyosema zisipewe mtu yeyote. Sindano aliyasoma vizuri, tena mara mbili. Akajua mtu yeyote ni nani. Aliinuka, akaenda kusimama nyuma ya pazia la kujaribia nguo ili Kimya asione hata moja, na humo ndani, kwa uangalifu mkubwa, akaziandika zote sita na kuzituma kwa mtu ambaye hakuwahi kumwona uso.

Alingoja tiki. Badala yake kioo kiligeuka cheupe, kikamtaka aandike neno la siri. Aliandika. Si sahihi. Aliandika tena polepole, herufi kwa herufi. Si sahihi. Alipoutazama ukurasa wao kama mgeni asiye na neno la siri, palikuwa pameandikwa kwamba duka limehama, na wateja wampe vitambaa kijana wa pikipiki atakayewafuata nyumbani. Sasa kurasa zote mbili zilikuwa za mwizi.

Fundi aliporudi na zipu zake alimkuta mwanawe katikati ya duka, amemnyooshea Kimya kidole. Alikuwa akisema kwamba Kimya ameiba ukurasa, kwamba alimwona kwa macho yake, kwamba siku zote anageukia ukuta kwa kuwa ana la kuficha.

Kimya alikuwa na pini mdomoni, safu nzima kati ya midomo, kama mafundi wanavyofanya wanapobana pindo. Alizitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wa pini, ndipo akaongea. Sindano aligundua wakati ule kwamba sehemu kubwa ya ukimya wa Kimya ilikuwa pini.

"Nageukia ukuta kwa sababu soketi iko ukutani na waya wa chaja ni mfupi," Kimya alisema. "Betri yangu imekufa. Nikiichomoa, simu inazima."

Kisha akamwita Fundi pale ukutani, akamwonyesha simu yake. Alikuwa amehifadhi picha za ukurasa wa uongo, tangazo baada ya tangazo, pamoja na maneno ya wanawake wengine waliopoteza vitambaa na kukubali kumweleza. Alikuwa akikusanya ili Fundi apate cha kupeleka. Alifunika kwa kiganja kwa kuwa mmoja wa wale wanawake alimwomba asimtangaze aibu yake.

Fundi alimgeukia mwanawe, akamuuliza simu ya duka imepatwa na nini. Sindano alitazama vidole vyake vya miguu. Angeweza kusema hajui. Lakini alimwona Kimya akirudisha pini mdomoni bila kumlaumu hata kwa jicho, na hilo likamchoma kuliko pini zote za sakafuni. Akasema yote, pamoja na pazia.

Fundi hakupiga kelele. Alichukua baki la kitambaa, akaligawa kwa mkasi kwa ule mkato wake wa kupinda, akamwekea Sindano nusu moja kiganjani.

"Haya, wewe ni mteja," alisema. "Nyumbani kwako anabisha mtu. Anasema, 'Nimetumwa na Fundi, anaomba kipande chako akuhifadhie.' Utampa?"

"Simpi."

"Kwa nini?"

Sindano alifikiri. Alizitazama nusu mbili, moja kwake, moja kwa mama. "Kwa sababu wewe nusu yako unayo," alisema polepole. "Fundi haombi kipande. Anayeomba ni yule asiye na nusu."

"Na zile tarakimu sita zilikuwa nini, mwanangu?"

"Kipande chetu," Sindano alisema. Machozi yakamtoka.

Hawakukaa kulia. Kimya alisogeza kiti, na watatu wakainamia simu moja. Safari hii hawakumjibu mtu aliyewaandikia. Waliingia wenyewe, kwa mlango wa programu yenyewe, pale palipoandikwa kwamba mwenye akaunti amefungiwa nje. Wakaambiwa Fundi ajipige picha ya video, ageuze uso kulia, kushoto, kisha juu. Fundi aliuliza kama anapimwa kola. Wakacheka, ingawa kicheko kilikuwa chembamba, kwani jibu lilichelewa, na siku zote hizo Sindano alizunguka nyumba kwa nyumba baada ya shule akiwaonya wateja wasimpe kitambaa kijana wa pikipiki. Wengine walimsikiliza. Wengine walimfungia mlango, wakisema mtoto wa mwizi naye ametumwa. Aliendelea kubisha nyumba ya pili.

Hatimaye ukurasa ulirudi. Walibadili neno la siri, wakaongeza kufuli ya pili. Kisha wakafungua mipangilio, wakatafuta mahali pa kuombea tiki, wakaomba wenyewe kwa kitambulisho cha Fundi na leseni ya duka. Zile picha za Kimya walizipeleka panaporipotiwa wanaojifanya watu wengine. Haukupita muda, ukurasa wa uongo ukafutwa. Mwizi mwenyewe hakujulikana.

Sindano alimwendea Kimya akamwomba radhi. Kimya alitoa pini, moja moja kama kawaida yake, Sindano akasubiri hukumu.

"Nimekusamehe," Kimya alisema. "Sasa niletee sumaku, nimeangusha nyingine."

Shangazi wa bibi harusi alirudi akiwa na kitambaa kingine chini ya kwapa na sura isiyojua pa kukaa. Mlango mmoja kati ya ile aliyobisha Sindano ulikuwa wa jirani yake, na kijana wa pikipiki alipofika pale aliondoka mikono mitupu. Hakusema mengi. Alisema tu kwamba safari hii hatoki dukani bila kipande. Fundi alimkatia, naye akakifunga kwenye pindo la mtandio wake, mafundo mawili.

Alasiri moja Sindano akiwa anaburuta sumaku, simu ililia. Ujumbe ulisema hongera, tiki iko tayari, bonyeza hapa. Ulikuwa na ngao ya buluu. Kimya alinyoosha shingo. Fundi alisimamisha cherehani.

Sindano hakubonyeza. Aliufunga ujumbe, akafungua programu kwa mkono wake, akaenda moja kwa moja kwenye jina la duka. Tiki haikuwepo.

"Bado," alisema, akaufuta ujumbe na kurudi kwenye pini zake.

Fundi alitikisa kichwa kwa kuridhika, akamwita, akamkalisha kwenye marobota ya vitambaa. "Nisikilize, mwanangu. Kuwa na shaka si dhambi. Mimi nina shaka na kila anayeingia hapa, ndiyo maana nikaweka vipande. Lakini shaka yangu haina sura ya mtu. Kila mmoja naweka nusu yake mezani, hata dada yangu. Wewe ulimshuku aliyekaa nawe kwa sababu tu ni mkimya, ukamwamini usiyemjua kwa sababu alikuahidi tiki. Ukiambiwa jambo, lihakiki jambo kabla hujamhukumu mtu. Na anayekuambia usimwambie mama yako, huyo mwambie mama yako kwanza."

Tiki ilikuja baadaye, siku ambayo hakuna aliyekuwa akiingoja, bila ujumbe wowote wa hongera. Sindano aliikuta tu imekaa kando ya jina la mama yake, ndogo, ya buluu. Alimwonyesha Kimya kwanza.