Wali wa Babu Tetsuzo

Kila asubuhi kabla ya shule, Bibi Fusae alinipa kibakuli cha wali wa moto nikipeleke nyumba ya pili. Ilikuwa nyumba ya marehemu kaka yake, Babu Tetsuzo. Hakuna aliyeishi humo. Kulikuwa na kabati tu la kuwakumbukia wazee wetu. Niliweka wali mbele ya kabati, nikagonga kengele, nikainamisha kichwa, kisha nikatoka mbio, maana baridi ya mle ndani haikuwa na utani.

Siku moja nilimkuta rafiki yangu Misuzu njiani analia. Mama yake huwatandikia wageni magodoro katika nyumba yetu ya wageni.

"Tunahama, Kotoha. Mwenye nyumba anataka kuwapangisha watalii wa theluji."

"Mnahamia wapi?"

"Huko bondeni. Na shule nyingine."

Nilichanganyikiwa. Wageni wote wana pa kulala, anayewatandikia hana? Jioni nilimuuliza Baba.

"Hiyo kazi ya manispaa," alisema. "Si wanatoza kodi kwa kila mgeni? Wajenge!"

Bwana Okabe wa manispaa alipokuja kwetu kuoga maji ya moto ya chemchemi, nilimuuliza na yeye. Akacheka. "Mfanyakazi wa baba yako, faida ya baba yako, halafu tujenge sisi?"

Kila mmoja aliniona mjinga, na kila mmoja nilimwona ana haki. Kichwa kiliniuma.

Jumapili Baba alipanda juu ya paa la Babu Tetsuzo kuondoa theluji, lisije likaporomoka. Mimi na Bibi tulikuwa uani tukiisogeza kwa koleo.

"Bibi, hii theluji tunamwondolea nani?"

"Babu yako."

"Kwani alikuwa mchoyo?"

"Wee! Tetsuzo mchoyo? Hata paka wa watu aliwapa samaki wake!"

"Sasa mbona nyumba yote kaachiwa peke yake, na Misuzu anafukuzwa?"

Bibi aliegemea koleo. Kule juu Baba akakohoa.

"Unakohoa nini?" Bibi akafoka. "Mfanyakazi si wako?"

Wiki hiyo mtawa wa hekalu alikuja kusoma sala, kabati likahamia sebuleni kwetu. Baba aligharimia jiko na mabomba ya ile nyumba ya Babu. Bibi alikwenda mwenyewe manispaa, akakaa kwenye benchi mpaka Bwana Okabe akakubali kugharimia paa.

Misuzu na mama yake walipohamia humo, walituletea tambi, kama wafanyavyo majirani wapya huku kwetu. Nilifurahi mno, lakini bado sikuelewa.

"Bibi, kwani nani alitakiwa kulipa?"

"Kila anayefaidi jasho la mama Misuzu," alisema. "Baba yako anafaidi, manispaa inafaidi. Mimi nami nilikuwa na nyumba, nikaifungia. Tulikuwa tunasubiriana huku mtoto wa watu analia."

Asubuhi iliyofuata alinipa vibakuli viwili. Cha kwanza nilikiweka mbele ya kabati. Cha pili nilikipeleka nyumba ya pili, na Misuzu akanifungulia mlango.